Dar au Nairobi? Vifurushi vinne vya kazi ya IT, kuanzia bora mpaka "kimbia"

Swali linarudi kila mara: "wakuu, nina ofa Dar na nina ofa Nairobi, niende wapi?" Na majibu ni yale yale, mmoja anasema Nairobi ndo kuna hela, mwingine anasema Nairobi baridi na simu zinakwapuliwa, wa tatu anamwambia baki huku tule mihogo Coco. Hakuna anayemuuliza jamaa ofa zenyewe zimeandikwaje. Mi naona miji haishindani, vinavyoshindana ni vifurushi, kama bando tu, maana Nairobi ya mtu ambaye kampuni imemlipia kibali na Nairobi ya mtu anayejitegemea kila kitu ni miji miwili tofauti. Kwa hiyo nimevipanga vinne.

Namwandikia Mtanzania, developa au mtu wa data au wa mitandao, uzoefu mwaka mmoja mpaka mitano hivi, uko Mwanza au Arusha au Mbeya na lazima uhame. Mkenya anayekuja Dar ageuze mwenyewe, ila ajue huku kuna vibali viwili, cha kazi na cha ukaazi.

Kabla ya kupanga, hesabu. Chukua ofa ya Dar ya milioni 2.5 kwa mwezi kabla ya makato na tuseme yote ni mshahara wa msingi. NSSF inaondoka na asilimia 10, yaani 250,000, halafu PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye kinachobaki, milioni ya kwanza inakatwa 128,000 na kila kinachozidi hapo ni asilimia 30, kwa hiyo zinatoka 503,000. Mkononi 1,747,000. Ulisoma kwa mkopo? HESLB, bodi ya mikopo, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 375,000 nyingine, unabaki na 1,372,000. Kwenda Kenya hakufuti hilo deni, msidanganyane.

Sasa Nairobi, tuseme Ksh 150,000, ambayo ukizidisha kwa 19 na kidogo inakaribia milioni 3 za kwetu na ndo hapo watu wanapagawa. SHIF, bima yao ya afya ya lazima, asilimia 2.75, tozo ya nyumba 1.5, NSSF yao ni asilimia 6 ila ina kikomo, halafu PAYE ambayo ukivuka tu Ksh 32,333 tayari uko kwenye asilimia 30. Kinachobaki ni kama Ksh 104,000, milioni 2 za kwetu hivi. Kwa hiyo tofauti ya mkononi (kama huna mkopo) ni laki mbili na nusu, na hiyo Nairobi inaila kabla ya tarehe 15.

Kitu ambacho watu hawapigii hesabu kabisa ni mwezi wa kwanza, na hapa Dar ndo inaumiza. Tuseme umepata chumba na sebule Sinza au Kijitonyama kwa laki 4. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja yake. Hiyo ni milioni 2.8 imeshatoka na hujanunua hata godoro, na mshahara wa kwanza uko mwisho wa mwezi! Nairobi nyumba unalipa mwezi kwa mwezi, unaweka na dipoziti ya mwezi mmoja, basi. Wan bedrumu ya Ksh 35,000 inakutoa Ksh 70,000 kuingia, chini ya milioni 1.4. Kwa mtu anayetoka mkoani na akiba ndogo hili ni jambo kubwa kuliko mshahara wenyewe, na zipo kampuni za Dar ambazo ukiwaomba mkopo wa kodi ya nyumba mapema, kabla hujasaini, wanakubali, ukishasaini ndo unaanza kuzungushwa.

Haya, mpangilio.

Namba 1: Nairobi, kampuni kubwa, kibali na gharama za kuhama juu yao.

Hii ikija chukua. Sio kwa ajili ya hela, ni kwa ajili ya watu utakaokaa nao. Microsoft waliweka kituo chao cha kutengeneza programu pale 2019, Google wakatangaza chao 2022, Safaricom wana timu kubwa toka enzi za M-Pesa kuanza 2007, iHub, kijiwe cha watu wa teknolojia, ipo toka 2010, yaani kuna kizazi cha mainjinia wenye miaka kumi na zaidi kwenye mifumo inayobeba mamilioni ya watu na wao ndo watakaoisoma code uliyoandika na kukurudishia na maswali ishirini. Huo msoto wa miaka miwili huupati kirahisi Dar, ambako mara nyingi mtu wa uzoefu wa miaka mitatu ndo mkubwa wa timu nzima na hakuna wa kumkosoa.

Maisha ni ya kuzoea. Watu wa IT wanarundikana Kilimani na Kileleshwa kwa sababu ofisi ziko karibu na magorofa yana kisima, jenereta na lifti, ila ukienda Ruaka, South B au Syokimau unapata nafasi kubwa kwa hela ndogo, shida ni kufika kazini. Expressway ya Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, inasaidia mwenye gari na hela ya kulipia barabara, wewe wa matatu utakaa kwenye jamu na mvua ikinyesha tu nauli inapanda hapo hapo na hakuna wa kumlalamikia. Feni na AC sahau, mji uko juu karibu mita 1,700 toka usawa wa bahari, Julai beba sweta la ukweli. Mikutano ya kazi ni Kiingereza mwanzo mwisho, kama umezoea kuchanganya anza mazoezi.

Namba 2: Dar, unafanya kazi rimoti ya kampuni ya nje inayolipa kwa dola.

Kibali huhitaji, ndugu wako karibu, unaweza kupanga Goba au Tegeta au hata Kigamboni kwa kodi ya kawaida kwa sababu huamkii foleni. Umeme saivi sio ule wa mgao wa zamani, toka bwawa la Nyerere (megawati 2,115) lianze kuingiza umeme 2024 hali imepoa, kukatika kupo lakini betri ya akiba inatosha kumalizia kikao.

Mbona sio namba 1? Intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi zote mbili ziliumia, ila sisi tuliumia zaidi kwa sababu njia zetu mbadala ni chache. X ilifungwa Mei 2025, na Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, sasa mweleze bosi wako aliyeko Berlin kwamba hujaonekana toka Jumatano kwa sababu hiyo. VPN nazo, zile programu za kukwepa mtandao uliofungwa, toka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka zisajiliwe. Kenya nao hawajatakata, Juni 2024 kwenye maandamano intaneti yao iliyumba, lakini Starlink iko kule kihalali toka Julai 2023 na fiba za majumbani zina ushindani. Halafu suala la kupokea hela, PayPal ya Kenya inapokea na unahamishia M-Pesa, ya kwetu ni ya kutuma tu, kwa hiyo hakikisha kampuni inalipa benki moja kwa moja. Na TRA wanakuhusu hata kama mwajiri hajawahi kusikia jina Tanzania.

Namba 3: Dar, benki au kampuni ya simu.

Wengi wanaidharau hii na mi siielewi dharau yao. Mshahara unaingia tarehe ile ile, bima ya afya ya familia ipo, mikopo ya wafanyakazi riba nafuu, na kazi ya mifumo ya malipo huku ina utamu wake kwa sababu soko halina mfalme mmoja kama Kenya, una M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa na vyote lazima viongee. Anayejua kuviunganisha vyote hivyo hakai bila kazi. Ubaya ni kwamba kila badiliko linapita kwenye kamati, na unaweza kumaliza mwaka unasubiri sahihi. Mwenye mke na watoto wawili aipandishe hii iwe namba 1 bila kuniuliza. Ukiipata, panga kwa kufuata mwendokasi au uwe ndani ya Mwenge, Makumbusho, Mikocheni. Ofisi ikiwa Posta halafu wewe uko Mbezi Beach, utaijua Bagamoyo Road kwa majina ya mashimo yake.

Namba 4: Nairobi, kampuni changa, mshahara wa Ksh, kibali "tutaangalia ukishafika".

Kimbia. Mkataba wa Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki unafanya kazi toka Julai 2010 na watu wanadhani maana yake ni kuingia na begi na kuanza kazi, hapana. Kuingia kutembea unaingia bila viza, kufanya kazi unahitaji kibali, na kibali cha ajira kwa kawaida kinafungwa na mwajiri huyo huyo. Maana yake kampuni ikifa, kibali nacho kimekwisha kazi. Na kampuni zinakufa, Sendy iliishia 2023, Copia ikaingia kwenye ufilisi 2024, na hizo zilikuwa zimechangiwa mamilioni ya dola. Mkenya mnayefanya naye kazi akipunguzwa Ijumaa, Jumatatu anaanza mahojiano sehemu nyingine, wewe unaanza upya na makaratasi. Ule utajiri wa Nairobi wa kuruka kazi hadi kazi, ambao ndo kila mtu anausifia, kwa mgeni una kufuli, ndo maana kifurushi hiki nimekiweka chini hata ya benki ya Dar inayolipa pungufu.

Kigali nimeiacha makusudi, safi, salama, ila waajiri ni wachache na ukikosana na mmoja umemaliza nusu ya mji.

Ofa ikishakuja usiulize mshahara peke yake. Omba kwa maandishi: kibali nani analipa na kitachukua muda gani, mshahara umeandikwa kwa sarafu ipi, wakikupunguza wanakupa notisi ya miezi mingapi na nauli ya kurudi ni ya nani, bima inaanza siku ya kwanza au baada ya majaribio, na kwa Dar, watakukopesha kodi ya miezi sita au laa. HR akikujibu kwa simu mwambie akuandikie na imeili. Na kazi ya sasa usiiache mpaka namba ya kibali uione kwa macho yako, barua ya "maombi yako yanashughulikiwa" haihesabiki.