Chakula cha Kiafghanistan kwa mara ya kwanza: wali mtamu, mishikaki ya kawaida, mtindi kila mahali

Kitu cha kwanza ujue, hiki chakula hakiwashi. Wengi wakisikia Afghanistan wanawaza Pakistan kwa kuwa nchi zimepakana, basi wanategemea mchuzi mwekundu wa kukutoa machozi, sasa hapa ni tofauti kabisa, ladha zimetulia, iliki na bizari nyembamba unazisikia kwa mbali, halafu mtindi. Mtindi mwingi aisee. Kama hupendi mtindi sijui utakula nini zaidi ya wali na nyama.

Tulikuwa kikundi kwa hiyo tuliagiza vitu vingi tukala pamoja, na nadhani ndo inavyotakiwa maana sahani zao ni kubwa na zinaletwa kwa mkupuo. Kuna meza na viti vya kawaida, ila upande mmoja kuna jukwaa la chini lina zulia na mito, unavua viatu unakaa, wanatandika kitambaa kirefu kinaitwa dastarkhan na chakula kinapangwa juu yake. Kaeni huko. Mwenye magoti mabovu ndo aende mezani.

Kabuli pulao ndo chakula chao cha taifa kwa hiyo ilikuwa lazima. Ikaja sinia ya wali wa kahawia, nyama huioni, unadhani wamesahau, kumbe pande la kondoo limefukiwa chini. Juu kuna karoti zimekatwa nyembamba kama njiti na kukaangwa na sukari kidogo, zabibu kavu zimevimba kwa mafuta mpaka zinang'aa, na lozi. Mi vitu vitamu kwenye nyama huwa sina muda navyo, lakini hapa ile karoti ukiichota pamoja na wali na kipande cha mafuta ya kondoo inakubali, tena ukila wali peke yake unaona kabisa kuna kitu kimepungua. Nikamuuliza mhudumu hiyo rangi inatoka wapi, akasema mchele wa punje ndefu unachemshwa nusu, unamwagwa maji, halafu unarudishwa na supu ya ile nyama na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva sana, unafunikwa unamalizikia taratibu. Ndo maana punje zote zimejitenga na nyama unaibandua mfupani kwa kijiko.

Ila mshindi wangu sio huo wali, ni mantu. Hivi ni vimifuko vya unga mwembamba vimejazwa nyama ya kusaga na kitunguu kingi, vinapikwa kwa mvuke, chini wamepaka mtindi wenye kitunguu saumu, juu mtindi tena, halafu mchuzi mzito wa nyanya na dengu, na mwisho kabisa wananyunyizia mnanaa mkavu. Vimifuko vya moto, mtindi wa baridi, unauma maji ya nyama yanatoka, yaani tulianza kuhesabiana nani kala vingapi. Kuna ndugu yake anaitwa ashak, yule ndani ana majani ya jamii ya vitunguu wanaita gandana, siku hiyo hayakuwepo.

Borani banjan nayo usiipite, bilinganya zimekaangwa zikalainika kwenye nyanya halafu, umeshajua, mtindi wa kitunguu saumu juu. Unamega mkate wao mrefu wa tanuri unakombea. Asiyekula nyama anashiba vizuri na hiyo pamoja na bolani, mkate mwembamba wa kukaanga wenye viazi ndani, ingawa bolani yetu ilikaa sana ikaja imepoa na imelegea, na hicho ni chakula cha kuliwa papo hapo kinapotoka kwenye kikaango.

Mishikaki sasa. Kila meza ilikuwa na ile sinia ya mchanganyiko wa mishikaki, na sisi tukafuata mkumbo. Ya kondoo ilikuwa sawa, wanachomeka vipande vya mafuta ya mkia katikati ya nyama ili isikauke, hiyo akili nimeipenda. Ya kuku ilikuwa kavu na haina habari. Sio mbaya, ila ni nyama ya kuchoma tu na inachukua nafasi ya tumbo ambayo ingeenda kwenye mantu.

Kinywaji: doogh ni mtindi umezimuliwa maji, una chumvi, mnanaa na vipande vya tango. Nusu ya meza waliuchukia mara moja, mi nilimaliza wangu na wa jirani, kwa kondoo mwenye mafuta unakata vizuri sana. Baada ya hapo inakuja chai ya kijani yenye iliki pamoja na noql, hizo ni lozi zimevikwa sukari, unatafuna huku unapiga stori. Firni, ule uji wao mzito wa maziwa na iliki, ni mtamu lakini tulikuwa hatuna pa kuuweka.

Huduma ina upole ila ni ya polepole mno, mantu peke yake zilichukua muda mpaka tukaanza kumaliza mkate. Kwa hiyo ukifika tu agiza mantu kabla hata hujafungua menyu, mengine utayafikiria ukiwa umekaa, na mishikaki waachie meza ya jirani.