Matofali ya kujengea nyumba ya mtoto: angalia kwanza yanavyong'ata

Wazazi hapa Kampala wananilalamikia kitu kilekile, mtoto anajenga nyumba yake ya matofali ya plastiki vizuri kabisa, anafika kwenye paa, akibonyeza kidogo tu ukuta unafunguka pale konani. Wanadhani mtoto hajui kujenga. Mtoto anajua, tofali ndo halishiki.

Sa rangi na ukubwa wa boksi mtaona wenyewe, mi naangalia kung'ata tu, yaani tofali linavyoshika jingine. Chukua matofali mawili yale ya vinundu 8 (vile vidude vilivyotokeza juu), yabonyeze pamoja, inua kwa kushika la juu. La chini lisidondoke, na mtoto aweze kuyaachanisha bila kutumia meno. Ukikuta mengine yamelegea na mengine yamekaza kwenye boksi moja, usinunue, manake ukuta una safu nyingi na kila safu ikiacha mwanya mdogo, huko juu upande mmoja unazidi mwingine na paa halikai tena hata ufanye nini.

Namba 1 kwangu ni LEGO Classic na sifichi. Vile vibomba vya ndani vinavyokamata vinundu waliviombea hataza (haki ya mvumbuzi) Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo mpaka leo linashikana na jipya. Ni ghali, ndiyo, ila utaongezea kidogokidogo miaka na miaka na kila kitu kitaingiliana.

Namba 2 ni LEGO Creator za nyumba, zile za seti moja michoro mitatu, kwa mtoto anayeweza kufuata maelekezo mwenyewe. Namba 3 ni DUPLO, nayo ni ya LEGO, kwa wale wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, kipande ni kikubwa mara mbili kila upande, na akikua zinashikana na LEGO ya kawaida.

Namba 4 ni LEGO za mtumba, ukizikuta soko la Owino zichambue moja moja, alafu osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, ya moto yanapinda plastiki. Zile za bei poa zisizo na jina ni namba 5, zijaribu kung'ata, zikikataa pita.

Kinachonikera ni wauzaji. Kwenye duka moja la arkedi, yale majengo ya maduka mengi, niliambiwa "ukifungua umenunua", sa nitajuaje yanashika? Wakiona umekuja na mtoto bei inapanda palepale. Alafu boksi limeandikwa vipande mia kadhaa, ukihesabu nusu ni vimaua na vitaa, matofali ya ukuta hayatoshi hata chumba kimoja! Na lile bamba la kujengea juu yake kwenye boksi nyingi halimo, linauzwa peke yake, kwa hiyo ulizia bei yake kabla hujatoa hela.