Baiskeli: mifereji ya Bahi au vichaka vya Itigi?

Ukitaka kuendesha baiskeli Bahi, mkoani Dodoma, au Itigi, mkoani Singida, kote ni tambarare na kote Reli ya Kati inapita, kwa hiyo usiulize vilima, uliza udongo.

Bahi iko chini, ndani ya Bonde la Ufa, na udongo wake ni mfinyanzi. Kiangazi, tuta la mfereji wa mashamba ya mpunga hukauka likawa gumu kama sakafu. Unapiga pedeli taratibu, maji kushoto, mabua kulia, yangeyange wakiruka mbele yako. Ukikutana na mkulima na jembe lake, shuka, msalimie, mpishe; tuta ni lake. Ikinyesha, usijaribu kabisa. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, unabaki kulikwangua kwa kijiti.

Itigi, juu kwenye uwanda, ni mchanga. Mvua huushikamanisha, njia ikawa nzuri ajabu. Septemba tairi nyembamba inazama. Vichaka vimesongamana, urefu wa mita 3 hadi 5, huoni mbali. Beba maji ya kutosha, solusheni na viraka.

Mimi nachagua Bahi, mwezi wa saba, alfajiri. Mwenye likizo Januari aende Itigi.