Mshipi wa kusokota au uzi mmoja mnene?

Nikienda kuvua kolekole Msangamkuu, kile kipande cha mwisho kabla ya ndoana nakisokota mwenyewe. Nakunja nailoni nyembamba katikati, kitanzi nakitia msumarini, kila uzi nausokota kulia hadi uanze kujipinda, kisha naziachia zote mbili zizungukane kushoto. Hapo hazifumuki. Samaki akikurupuka, msokoto unanyumbuka kidogo na vidole vinapona.

Uzi mmoja mnene? Mgumu, na ukitoka kwenye kibao cha kuuzungushia unabaki na mikunjo yake. Ila kuufunga ni dakika moja, na mchanga haujifichi ndani. Wa kusokota lazima uusuuze, la sivyo chembe zinazila nyuzi katikati, polepole.

Kwa nguru, weka waya tu. Meno yale hayahesabu nyuzi.