Kifurushi cha makazi cha Msalaba Mwekundu: simamisha fremu itakayobeba bati

Tope kama lile lililoshuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 likishazoa nyumba, familia inataka paa leo, si mwakani. Kifurushi hiki kimetengenezwa kwa siku hiyo. Kamati za maafa za kata huku Arusha na Moshi zinapaswa kukijua kabla ya masika, maana fundi akikosea wiki ya kwanza, nyumba ya kudumu itaanza upya kwenye shimo la nguzo.

Ndani ya mfuko mna maturubai 2 ya mita 4 kwa 6, kamba ya mita 30, msumeno, nyundo, panga, jembe, beleshi, mkasi wa bati, waya laini wa kufungia na misumari, nusu kilo kwa kila aina. Miti na mbao hamna, hizo unazitafuta mwenyewe. Zana ni nzuri na zitabaki nyumbani turubai likishachakaa. Misumari haitoshi: ongeza kilo 2 za inchi 4, pamoja na futi ya kupimia na kamba ya fundi ya kunyooshea.

Kosa kubwa ni kuegesha turubai kwenye vijiti. Jenga chumba cha mita 3.6 kwa 5, yaani mita za mraba 18. Kipimo cha kimataifa ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo watu watano wanatosha. Inua sakafu kwa kifusi kilichoshindiliwa, ipite alama ya maji ya mafuriko kwa sentimita 30. Nguzo zenye dawa zizame sentimita 60, na kila pembe ifungwe mbao ya mshazari. Bila hiyo upepo unapinda fremu nzima hata kama nguzo hazijang'oka.

Paa liwe digrii 30. Nusu ya upana ni mita 1.8, basi kilele kiinuke sentimita 104 juu ya ukuta. Boriti ya kenchi kutoka ukutani hadi kileleni inakuwa mita 2.08, ongeza sentimita 30 za upenu, unapata 2.38. Bati la futi 8 ni mita 2.44. Linakaa bila kukatwa! Ndiyo maana tunasisitiza vipimo hivi: papi, yaani mbao za kulala zinazobeba bati, pigilia sasa kwa nafasi ya sentimita 90, kama za bati, na siku hela ikipatikana hubomoi kitu.

Wengi hupanga turubai moja paani na moja ukutani. Haiwezekani. Pande mbili za paa, hata kabla ya upenu, zinataka mita 4.16, na upana wa turubai ni 4. Ukiligeuza, 4 hizo hazifiki mita 5 za urefu wa chumba. Yalaze yote mawili kwa kukatiza kilele, urefu wa mita 6 ukishuka pande zote mbili, na pale yanapokutana yapishane angalau sentimita 50. Ukuta ujazwe fito na udongo, au tofali kidogo kidogo.

Usipigilie msumari moja kwa moja kwenye turubai. Tundu linapanuka kila upepo ukivuma. Bana kwa ubao mwembamba juu yake, au weka kipande cha mpira wa tairi chini ya kichwa cha msumari. Tundu la pembeni likichanika, funga kokoto laini ndani ya turubai, uzungushie kamba shingoni. Lisilegee: maji yakituama katikati ya papi, uzito wake unachana kitambaa na kupinda papi.

Tungependa wagawaji waambatanishe karatasi moja ya vipimo kwa Kiswahili na siku moja ya fundi kwa kila mtaa. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kenchi ya kurudiwa.

Bati likishapanda, turubai lisilotoboka sana litandikwe chini ya zege la sakafu kuzuia unyevu, likipishana vizuri kwenye maungio. Lililochanika lianikiwe mahindi.