Maua ya harusi yangu niliyapanga mwenyewe: uzoefu wangu wa kuagiza kwa jumla

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kununua maua mabichi kwa jumla kutoka kwa msambazaji. Unachagua aina na rangi mtandaoni, unataja tarehe ya harusi, na maboksi yanaletwa hadi mlangoni siku chache kabla. Kuyatunza, kuyafunga na kuyapanga ni juu yako. Maua yote ya mezani, mashada na maua ya kifuani kwenye harusi yangu yalitoka kwenye maboksi hayo, yakapita mikononi mwangu na mwa ndugu zangu.

Ningeitumia tena bila kusita. Ila naona wengi wanaisifia kwa sababu ya bei tu, na hapo wanampoteza anayetaka kuijaribu. Bei ni nafuu kweli, kwangu ilikuwa chini ya nusu ya makadirio ya wapambaji. Lakini ulicholipia ni mali ghafi. Kazi iko kwenye maji na muda, na kila aina ya ua ina muda wake.

Nilianza na hesabu, kabla hata ya kuangalia picha. Niliandika kila kitu kitakachohitaji maua, na idadi ya mashina kwa kila kimoja. Meza zilikuwa 12, kila moja nikaipangia mawaridi 5, kanesheni 3 na majani ya mkaratusi: mawaridi 60. Wapambe watatu, kila mmoja shada la mawaridi 8: mawaridi 24. Shada langu 15. Jumla 99. Msambazaji aliuza mawaridi kwa mafungu ya 25, maana yake mafungu manne yangeniachia ua moja tu la ziada. Nikaagiza matano. Usikubali kuagiza kamili kamili. Katika mzigo wowote hakukosi shina lililovunjika shingo, au tumba ambalo halitafunguka hata ulifanyeje. Asilimia 10 ya ziada ndiyo kiwango ambacho singeshuka chini yake, na kwa maua laini ningeongeza.

Kuchagua aina ndipo penye uamuzi mkubwa. Picha zinavutia, lakini hazikuambii ua litakuwaje likikaa saa sita mezani kwenye ukumbi wenye joto. Hidrenjia ni zuri mno na moja tu linajaza chombo, ila linakunywa maji kuliko karibu ua lolote na likikosa hulegea mbele ya macho yako. Dalia hazidumu zikishakatwa. Kanesheni, ambazo watu huzidharau kwa kuwa ni rahisi, zinakaa wiki mbili ndani ya maji safi bila kubadilika, na ukizikusanya tatu nne pamoja zikagusana, mtu wa mbali hawezi kuzitofautisha na maua ya bei ya juu. Mimi natetea kanesheni kwa moyo wote. Jipsofila, vile viua vidogo vyeupe, nayo inaziba nafasi, ni nyepesi, na hata ikikauka bado inapendeza. Nyumba yenye paka iache yungiyungi kabisa: chavua yake, majani yake, hata maji yaliyobaki kwenye chombo vinaweza kuua figo za paka. Na kama unayaweka yungiyungi kwenye shada, toa vile vichavulio vya kahawia mara ua linapofunguka, maana chavua ikigusa gauni jeupe haitoki kwa kufuta.

Tarehe ya kupokea inategemea hayo. Yungiyungi huja yakiwa matumba yaliyofunga na yanahitaji siku nne au tano kufunguka. Mawaridi yanataka siku mbili hadi tatu. Hidrenjia na dalia zije mwisho kabisa. Mtandao wa msambazaji wangu ulinipa tarehe moja tu kwa oda nzima, jambo ambalo silipendi. Nikawaandikia, wakanigawia mzigo mara mbili kwa nauli ya ziada. Wakati huo niliona ni gharama isiyo na lazima, lakini ndiyo iliyookoa ubora wa maua laini. Jambo jingine la kalenda: kama harusi iko karibu na tarehe 14 Februari, jiandae kwa bei kupanda na mawaridi mekundu kugombaniwa.

Sasa boksi lenyewe. Hapa wengi hupatwa na hofu, kwa hiyo nieleze kwa kirefu. Maua ya jumla husafirishwa bila maji, yamelazwa na kufungwa kwa kamba za plastiki, vichwa vya mawaridi vimefunikwa kwa karatasi ngumu yenye mikunjo. Nilipolifungua, mawaridi yalikuwa yamebanwa, madogo, majani yamelala. Petali za nje zilikuwa na rangi ya kijani kibichi na michirizi ya kahawia. Dada yangu aliyekuwa amekuja kunisaidia alitazama, akasema taratibu, "Mdogo wangu, haya ndiyo tuliyolipia?" Ndiyo hayo hayo. Zile petali mbovu za nje ni za kinga. Mkulima huziacha makusudi ili zipokee mikwaruzo ya safari. Unazibandua kwa upole, moja moja, ukivuta kuelekea pembeni na chini, na ndani unakuta ua safi. Usizibandue zaidi ya tatu au nne, ua litaanza kukonda.

Kisha maji. Ndoo zote tulizisugua kwa sabuni na dawa ya klorini na kuzisuuza vizuri, kwa sababu bakteria wakijaa kwenye maji huziba mirija ya shina na ua linakufa kwa kiu likiwa ndani ya ndoo iliyojaa. Majani yote ambayo yangezama yaliondolewa. Kila shina lilikatwa upya kiasi cha sentimita mbili au tatu, kwa mshazari, kwa kisu kikali au mkasi wa kupogolea (mkasi wa kawaida unaponda shina), na papo hapo likaingia kwenye maji ya vuguvugu yenye ile unga ya chakula cha maua inayokuja na oda. Unga hiyo si mapambo: ina sukari ya kulisha ua, asidi ya kusaidia maji yapande, na dawa ya kuzuia bakteria. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Tuliziacha ndoo kwenye chumba chenye ubaridi, mapazia yamefungwa, mbali na feni. Kesho yake asubuhi dada yangu ndiye aliyeniita. Shingo zilikuwa zimesimama, majani yamekakamaa, na mawaridi yaliyokuja kama ngumi yalikuwa yameanza kulegeza petali. Katika huduma yote hii, hicho ndicho nilichokifurahia zaidi.

Usiyaweke maua kwenye friji ya jikoni. Matunda yanayoiva, hasa tufaha na ndizi, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua haraka. Kanesheni zinaathirika sana nayo. Hata bakuli la matunda mezani lihamishie chumba kingine. Hidrenjia ikilegea, ikate tena kisha izamishe kichwa chote ndani ya maji baridi kwa nusu saa au zaidi. Petali zake zinafyonza maji zenyewe. Nimeona ikifufuka namna hiyo, na si maneno ya mtandaoni tu.

Kuhusu sponji ile ya kijani ya kuchomekea maua: msambazaji anaiuza na ukurasa wake unakusukuma uiongeze kwenye oda. Sikuichukua. Ni plastiki, haiozi, inamomonyoka kuwa vipande vidogo vinavyoingia kwenye maji machafu, na ukishachomoa shina huwezi kulirudisha kwenye tundu lile lile, maana linabaki na hewa. Nilitumia wavu wa kuku: unakata kipande, unakikunja kama mpira, unakiingiza kwenye chombo na kukishika kwa utepe juu ya mdomo. Mashina yanasimama pale unapotaka, yanakunywa maji ya kweli, na wavu unautumia tena. Ukilazimika kutumia sponji, iache izame yenyewe. Ukiisukuma, maji yanazunguka nje na katikati inabaki kavu.

Maua ya mezani ni kazi rahisi kuliko inavyodhaniwa. Majani kwanza, yakitengeneza umbo na kuficha mdomo wa chombo, kisha maua makubwa, kwa urefu tofauti, mwisho vijazio. Urefu wote usizidi kama sentimita 30 kutoka mezani, ama sivyo wageni hawataonana. Tuliyamaliza siku moja kabla ya harusi, na maji tuliyaongeza asubuhi ukumbini.

Shada la mkononi ndilo linalohitaji mazoezi, na siri yake ni mzunguko. Unashika ua la kwanza kwa mkono wa kushoto, wima. La pili linalala juu yake kwa mshazari, kichwa kushoto, shina kulia. La tatu vivyo hivyo, upande ule ule. Baada ya kila mawili matatu unalizungusha shada kidogo mkononi na kuendelea, bila kubadilisha upande hata mara moja. Kidole gumba na cha shahada vinabaki pale pale mashina yanapokutana. Ukifanya hivyo, vichwa vinajikusanya kuwa duara na mashina chini yanafunguka yote kwa mwelekeo mmoja, kiasi kwamba ukilikata chini sawasawa linasimama lenyewe mezani. Likivuka shina moja tu upande wa pili, mengine yanavunjika unapokaza kamba. Funga kwa kamba ngumu pale pale vidole vilipokuwa, rudisha kwenye maji, na utepe wa kitambaa usiuvishe hadi karibu na kutoka, baada ya kukausha mashina. Maji yanayochuruzika ni adui wa gauni.

Maua ya kifuani ni madogo lakini ndiyo dhaifu kuliko yote, kwa sababu hayana maji. Tumia kanesheni ndogo au waridi ambalo halijafunguka sana, jani moja na tawi la jipsofila. Utepe wa maua, ule wa kuzungushia mashina, haushiki mpaka uuvute. Ukiuvuta nta iliyomo inajigandisha yenyewe. Tuliyatengeneza jioni ya mwisho na kuyalaza kwenye kasha lenye mfuniko na karatasi yenye unyevu chini. Hadi usiku wa sherehe yalikuwa bado yamesimama.

Sasa malalamiko. Rangi niliyochagua ilikuwa waridi hafifu sana, karibu na maziwa. Fungu moja lilikuja likiwa na rangi ya pichi. Masharti yao yanawaruhusu kubadilisha aina wakikosa, na maandishi hayo yamefichwa chini kabisa ya ukurasa. Yanapaswa kuwa juu, yakionekana, kwa sababu bibi harusi hana muda wa kuagiza upya. Mkaratusi nao ulikuwa mchache kuliko picha ilivyoonyesha. Kwa upande wao, nilipotuma picha za mashina yaliyovunjika siku ile ile walinirudishia fedha za maua hayo bila mabishano. Piga picha wakati unafungua boksi, si kesho yake.

Mtu asiye na wasaidizi wawili watatu wa kuaminika, au ambaye wiki ya harusi atakuwa kazini hadi siku ya mwisho, singemshauri. Kazi ni ya kusimama, mgongo unauma, mikono inalowa kutwa, na nafasi ya ndoo inahitajika kuliko unavyofikiri. Tao la kuingilia ukumbini pia niliwaachia wapambaji, na ningewaachia tena: linatakiwa kujengwa palepale, asubuhi ya harusi, kwa maua mengi yasiyo na maji, na asubuhi hiyo bibi harusi ana mambo yake mengine.

Kama umeshaamua, agiza fungu moja la majaribio la mawaridi yale yale wiki kadhaa kabla. Msambazaji wangu anakubali oda ndogo. Utaiona rangi halisi kwenye mwanga wa nyumba yako, utajua yanachukua muda gani kufunguka, na utapata maua ya kufanyia mazoezi ya shada kabla ya yale ya harusi kufika.