Umeme wa kubeba kwa doria na kambi: kipi ununue ukiwa Dodoma

Kwa askari wa doria, mgambo au mlinzi wa pori kama Swagaswaga, cha kuangalia kwanza ni uzito. Kila kilo ya betri inakula nafasi ya maji, na Dodoma ya Septemba maji hayapunguzwi.

Namba moja kwangu ni pawabenki ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na sola ya kukunja ya wati 20 hivi. Hiyo inabeba simu, GPS, tochi ya kichwani na redio koli inayochajiwa kwa USB. Kiangazi chetu kina jua la kutosha: anika asubuhi, jioni pawabenki inakaribia kujaa. Anika sola tu. Pawabenki ikae kivulini, maana betri yake ya litiamu ikipata joto kali inachakaa haraka na inaweza kushika moto. Kumbuka pia kwamba paneli inameta na kuonekana kutoka mbali, kwa hiyo itandaze mahali adui au jangili hawezi kuiona.

Hapo kwenye pawabenki ndipo watu wanapigwa sana. Omba mzani dukani. Ya mAh 20,000 ya kweli kwa kawaida ina gramu 300 hivi au zaidi, kwa sababu seli zenyewe tu zinakaribia huko. Ukiuziwa "50,000" yenye uzito huohuo, rudisha, hata muuzaji aape vipi. Na usitarajie mAh 20,000 zote zifike kwenye simu. Simu ya mAh 5,000 utaijaza mara mbili na nusu, labda kidogo zaidi.

Namba mbili, kwa kambi au gari: sanduku la umeme lenye betri ya LiFePO4, yaani litiamu ya chuma na fosfeti. La Wh 500 (Wh, wati-saa, ni kipimo cha umeme uliomo) lina kilo sita hadi nane, na betri yake huchajiwa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kuchoka. Mwambie muuzaji akuonyeshe aina ya betri kwenye lebo.

Jenereta ndogo ya petroli ni ya tatu. Ina nguvu, lakini usiku wa porini mlio wake unawatangaza, na ikiwashwa karibu na hema moshi wake unaua.

Betri ya gari iwe ya mwisho kabisa. Bei yake inavutia, ila ni nzito, ina tindikali, na ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara haifiki mbali.

Pesa ikibaki, ongeza waya wa pili wa kuchajia na kifuko cha zipu. Vumbi la Bahi likijaa kwenye tundu la chaja, betri nzima inakuwa mzigo tu.